Mafuta Yapo, Injini Yazima

Tukiwa na mashine ya kusaga hapa Alupe twapima dizeli kwa kijiti, tukiona imejaa tunaridhika. Hebu tujifunze kwa ndege. Septemba 1936 Beryl Markham, aliyekulia Njoro, aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kwa ndege ndogo. Baada ya saa 20 hivi barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi. Mafuta yakakosa kushuka, injini ikazima, akatua kwa dharura kwenye kinamasi huko Kanada. Alipona.

Kumbe tangi nalo hupumua! Kwetu si barafu, ni vumbi la unga. Injini ikizima na dizeli imo, fungua kifuniko. Ukisikia hewa inaingia fyuu, umempata mgonjwa. Kitoe kando, uzibue kitundu chake kwa sindano, ndipo uwashe.