Mzigo Ukifika Umevunjika: Jinsi ya Kudai Fidia kwa Msafirishaji

Tuchukue mfano wa fundi wa nguo aliyenunua cherehani jijini Nairobi kwa Sh35,000, pesa alizokopa kwenye chama. Muuzaji aliituma kwa basi. Jioni fundi alifika stejini, akaonyesha kitambulisho, akatia sahihi kwenye daftari na kulibeba boksi hadi nyumbani kwa boda boda. Alipolifungua, aliona kichwa cha cherehani kina ufa na gurudumu limepinda. Kesho yake karani alimjibu kwa maneno mawili tu: "Ulitia sahihi." Risiti nayo ilikuwa imeandikwa "boksi moja, Sh500".

Je, fundi huyu amepoteza haki yake? La. Lakini sasa ana kazi kubwa zaidi ya kuithibitisha. Somo hili linaeleza jinsi ya kuepuka hali hiyo, na la kufanya ikiwa tayari imekufika.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaitilia nguvu haki hiyo. Usafirishaji ni huduma. Anayepokea mzigo wako kwa malipo ana wajibu wa kuutunza hadi aukabidhi.

Ukionyesha kwamba aliupokea ukiwa mzima na ukafika umeharibika, ni juu yake kueleza kilichotokea. Anaweza kujitetea kwamba mzigo ulifungwa vibaya, au kwamba ni bidhaa inayooza kwa asili yake. Lile tangazo la "mizigo husafirishwa kwa hasara ya mwenyewe" lisikukatishe tamaa. Sharti ambalo hukujulishwa kabla ya kulipa halikufungi kirahisi.

Kabla ya kutuma

1. Piga picha bidhaa ikiwa wazi, kisha ukishaifunga.
2. Funga vizuri na uandike "Kinavunjika" juu ya boksi.
3. Hakikisha risiti inataja bidhaa yenyewe, hali yake na thamani yake. "Cherehani moja mpya, Sh35,000" ni ushahidi. "Boksi moja" si ushahidi.
4. Soma masharti nyuma ya risiti. Baadhi ya kampuni huweka kiwango cha juu cha fidia kwa mzigo usiotangazwa thamani. Uliza kama kuna bima.

Ikiwa wewe ni mnunuzi, patana mapema na muuzaji ni nani atakayebeba hasara njiani. Kwa kawaida, sheria ya uuzaji wa bidhaa huhesabu kwamba muuzaji amekukabidhi mali pindi anapoitia mikononi mwa msafirishaji, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Wakati wa kupokea

Fungua mzigo hapo hapo, mbele ya karani, kabla ya kutia sahihi. Ukipata uharibifu, andika kwenye daftari lao, kwa mfano: "Nimepokea, kichwa kina ufa." Piga picha ya ukurasa huo, ya bidhaa na ya boksi. Wakikukataza kufungua, andika "Sijakagua" kando ya sahihi yako.

Ukigundua uharibifu ukiwa nyumbani, usitupe boksi wala usianze kutengeneza. Rudi au piga simu siku hiyo hiyo, kisha uandike ujumbe ili ubaki na kumbukumbu.

Hatua za kudai

Kwanza, peleka barua kwa meneja wa kampuni. Taja tarehe, nambari ya risiti, uharibifu, kiasi unachodai na siku unazowapa kujibu, kwa mfano 14. Ambatisha nakala za risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha na makadirio ya fundi. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Fanya haraka, kwa sababu masharti ya kampuni nyingi hutoa muda mfupi wa kulalamika.

Dai hasara halisi: gharama ya matengenezo ikiwa bidhaa inatengenezeka, au thamani yake ikiwa imeharibika kabisa. Faida uliyokosa ni ngumu kulipwa, ila kama msafirishaji alijua mapema kwamba kazi yako inategemea mzigo huo.

Pili, ikiwa ni kampuni ya barua na vifurushi yenye leseni, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya baada ya kampuni kushindwa kukuridhisha.

Tatu, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Si lazima uwe na wakili. Uliza kwenye ofisi ya msajili katika mahakama iliyo karibu nawe.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki. Ukikwama, fika kwenye idara ya biashara ya kaunti uulize mwelekeo.

Tumrudie fundi wetu. Bado ana risiti ya duka, ujumbe wa malipo, boksi lililobondeka na muuzaji anayeweza kueleza kwamba cherehani ilitoka dukani ikiwa nzima. Hayo yanatosha kuanzia barua. Ila angalitumia dakika tano kufungua boksi pale stejini, karani asingalikuwa na jibu lile.

Maswali ya kujipima

1. Risiti yako ya mwisho ya mzigo ilitaja thamani?
2. Ungeandika nini ukikatazwa kukagua mzigo?
3. Ni nani anayebeba hasara njiani kati yako na muuzaji wako?