Je, Unahisi Sukari Ikishuka?

Sukari ikishuka, jasho hutoka, mikono hutetemeka, moyo hudunda na njaa huuma. Kwa mchuma chai wa Kabianga mwenye kisukari cha aina ya kwanza, dalili hizo hujificha ndani ya kazi: anayepanda mteremko na kapu mgongoni ana jasho tayari, na asubuhi ya ukungu mikono hutetemeka kwa baridi. Isitoshe, sukari inaposhuka mara kwa mara, mwili huzoea na kutoa kidogo adrenalini, homoni inayochangia dalili hizo. Mtu anaweza kufika chini ya 3.0 mmol/L bila kuhisi lolote. Basi usipime damu tu. Pima pia uwezo wako wa kuhisi.

1. Jiulize swali moja. Mwaka 1994, Ann Gold na wenzake wa Edinburgh, Uskoti, walitoa kipimo rahisi: sukari inapoanza kushuka, huwa unajua? Jipe alama kuanzia 1 (najua kila mara) hadi 7 (sijui kamwe). Ukipata 4 au zaidi, uwezo wako umepungua.

2. Kisia kabla ya kupima. Kwa wiki nne, andika daftarini saa, kazi uliyokuwa ukifanya, dalili na kisio chako. Kisha nawa mikono, pima, uandike jibu la mashine. Usiposafisha kidole kilichoshika ndizi mbivu, mashine itakudanganya. Usiishushe sukari makusudi ili ujijaribu. Mwishoni, tazama kila kipimo kilicho chini ya 3.9: ni mara ngapi hukuhisi kitu?

3. Waulize walio karibu nawe. Mara nyingi mke, mume au mwenzako shambani ndiye wa kwanza kuona ulimi ukiwa mzito au hasira isiyo na sababu. Akwambie pia ni mara ngapi mwaka huu sukari ilishuka hadi ukahitaji msaada wa mtu mwingine.

4. Peleka daftari kliniki, iwe Kericho au Longisa. Daktari anaweza kubadilisha dozi ya insulini na kulegeza kiwango unacholenga. Wiki kadhaa bila sukari kushuka zinaweza kurudisha dalili zilizopotea.

Kwa sasa, pima kabla ya kuingia shambani, kabla ya kuendesha pikipiki na kabla ya kulala, kwa kuwa kazi nzito ya mchana huweza kushusha sukari usiku. Tembea na sukari mfukoni. Kipimo kikiwa chini ya 3.9, koroga sukari vijiko vya chai vitatu au vinne katika maji, unywe, usubiri dakika 15, upime tena. Usianze na chai ya maziwa wala mursik; mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Waeleze wenzako kwamba ukizirai wasikutie kitu kinywani: wakulaze kwa ubavu, wakukimbize hospitali.

Ukipata alama 4 au zaidi, usingoje tarehe ya kliniki wala wiki nne za daftari ziishe. Nenda wiki hii.