Maegesho ya Tela la Kuhamia: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Sanje

Tela la kuhamia ni chombo kirefu na kizito kinachosimama kwa saa kadhaa mahali ambapo kwa kawaida hakuna gari linalokaa. Sanje, katika wilaya ya Kilombero mkoani Morogoro, jambo hilo lina ugumu wake. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa, upande wa pili mashamba ya miwa na mpunga, na barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara inapita kati ya makazi. Mahali pa kuegesha panapaswa kujulikana kabla gari halijakodiwa, kwa sababu ndipo panapoamua ukubwa wa gari, idadi ya wabebaji na saa ya kuanza kazi.

Gari lipi linahitaji nafasi kiasi gani?

Kaya yenye vyumba viwili au vitatu huhama kwa Canter moja, na kaya kubwa kwa Fuso. Wengine hukodi trekta lenye tela, hasa pale njia ya kufika nyumbani ni ya mashambani. Semi-trela ina urefu unaozidi mita 15, na mara chache hupata pa kugeuzia ndani ya kijiji. Nafasi ya maegesho isipimwe kwa urefu wa gari peke yake. Nyuma ya tela ziachwe mita tatu au nne za kushushia makabati na vitanda, na ubavuni mita moja ya kupita mtu aliyejitwika mzigo. Juu yatazamwe matawi ya miembe na nyaya za umeme, kwani godoro lililosimamishwa juu ya shehena huongeza kimo cha gari.

Je, tela linaweza kusimama kando ya lami?

Kusimama juu ya lami kwa saa nzima ukipakia vyombo ni hatari na ni kosa pale gari linapozuia njia. Usalama barabarani unasimamiwa na Sheria ya mwaka 1973, na barabara yenyewe iko chini ya TANROADS. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa hiyo uwanja ulio mbele ya nyumba nyingi za kando ya lami umo ndani ya hifadhi, hata kama mwenye nyumba huufagia kila asubuhi. Mahali salama ni nje kabisa ya bega la barabara, mbali na kona, daraja, kivuko cha waenda kwa miguu na njia panda. Kuvuka reli ya TAZARA kufanywe bila kusimama, na tela lisiegeshwe karibu na makutano ya reli na barabara.

Nani aombwe ruhusa?

Wa kwanza ni jirani ambaye mlango wake, kisima chake au njia yake ya baiskeli itazibwa. Wa pili ni mwenyekiti wa kitongoji, hasa kama tela litakaa kwenye uwanja wa umma, karibu na shule au kwenye gulio. Mtendaji wa kijiji naye aarifiwe. Mtu anayehama huku viongozi wakijua huondoka bila maswali, na mgeni anayehamia hupata wa kumtambulisha. Ikiwa hakuna budi kupakia karibu na barabara kuu, kituo cha polisi kipewe taarifa siku iliyotangulia.

Ardhi itahimili uzito?

Swali hili ndilo huachwa mpaka gari linase. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni huonekana mgumu juu wakati chini yake bado ni laini. Kipimo chepesi ni fito yenye ncha, unene wa kidole gumba, inayokandamizwa kwa mkono mmoja mahali zitakaposimama tairi za nyuma. Ikizama hadi kiganja kiguse chini, pahali hapo hapafai Canter iliyojaa, sembuse Fuso. Kipimo hicho kirudiwe asubuhi ya safari iwapo mvua imenyesha usiku.

Tairi za nyuma ndizo huzama kwanza kwa kuwa hubeba sehemu kubwa ya shehena. Mbao nene au kokoto ziwekwe chini yake kabla ya kupakia, kwani gari lililokwisha jaa haliinuliki kwa urahisi. Mtaro wa kando ya barabara uvukwe penye kalavati tu. Mawe yaliyorundikwa mtaroni yanaweza kuteleza na kuliinamisha tela upande mmoja. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vijito vinavyoshuka kutoka Udzungwa hujaa upesi baada ya mvua ya mlimani, hata kama kijijini kumekauka. Tela lisiegeshwe kwenye kingo zake.

Tela la trekta lisimamishwe vipi?

Tela la matairi mawili halipakiwi likiwa limefunguliwa kutoka kwenye trekta. Mzigo mzito ukitangulia nyuma ya ekseli, mkono wa tela huinuka ghafla na kumpiga aliye karibu, na shehena yote humwagika nyuma. Trekta libaki limefungwa, handbreki ivutwe, na kabari ziwekwe pande zote mbili za tairi. Vitu vizito kama jokofu, magunia ya mpunga na cherehani ya miguu vikae mbele na juu ya ekseli, huku vyepesi vikimalizia nyuma. Wakati wa kushusha utaratibu hugeuka: mzigo wa nyuma hutangulia.

Saa na msimu gani unafaa?

Alfajiri ndiyo saa nzuri. Jua halijawa kali, barabara haina magari mengi, na kazi ikichelewa bado kuna mchana wa kuimalizia. Katika msimu wa miwa, kuanzia katikati ya mwaka hadi mvua zinaporudi, matrekta na malori ya miwa hupita kwa wingi kuelekea viwanda vya sukari vya Kidatu. Siku za gulio nazo ziepukwe, kwani uwanja uliokubaliwa unaweza kukutwa umejaa meza za nyanya.

Tela likilazimika kulala?

Lilale ndani ya ua au mahali penye mlinzi. Likibaki karibu na barabara, pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma, kwani matawi ya miti yanayowekwa badala yake hayaonekani gizani. Chakula kisiachwe juu yake, kwa kuwa nyani hushuka kutoka milimani, na katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa tembo nao hufuata mazao usiku.

Na kule mzigo unakokwenda?

Maegesho ya kushushia yakaguliwe vilevile. Anayehamia Ifakara aulize kwanza kuhusu mtaa wenyewe, kwa kuwa njia za karibu na soko ni nyembamba. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ambayo katika miji mbalimbali pia hukusanya ushuru wa maegesho. Anayeendelea Ulanga au Malinyi huvuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384. Kabla ya daraja hilo magari yalisubiri kivuko, na foleni ilikuwa sehemu ya safari. Leo dereva hahitaji kusimama, wala asisimame darajani kukaza kamba. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kufika mtoni.

Kama hakuna nafasi kabisa?

Gari kubwa libaki mbali, penye ardhi ngumu, na mizigo ipelekwe kwa kirikuu, guta au mkokoteni. Gharama huongezeka kidogo, lakini ni nafuu kuliko kukodi trekta la kulikwamua Fuso. Mtu mmoja akae kwenye gari na mwingine nyumbani, ili kila kinachotoka kihesabiwe kinapofika.

Nini kifanyike gari likishaondoka?

Mawe na kabari vyote viondolewe, hasa vilivyo karibu na lami, kwani jiwe lililosahaulika humwangusha mwendesha bodaboda usiku. Makovu ya tairi yafukiwe na mtaro usafishwe ili maji yapite, na jirani aliyetoa uwanja aonyeshwe kuwa umerudi kama ulivyokuwa.