Nafuu ya Kodi: Kagua Hati Yako ya Mshahara

Aprili 2020, biashara zilipodorora kwa sababu ya korona, serikali ya kitaifa ilipandisha nafuu ya kodi ya mshahara (PAYE) kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi. VAT nayo ilishushwa hadi asilimia 14, ikarudi 16 Januari 2021. Nafuu ya mshahara ilibaki.

Mfanyakazi wa duka Mji wa Kale mwenye mapato ya 24,000 yanayotozwa kodi hukatwa asilimia 10, yaani 2,400. Ukitoa nafuu, kodi ni sufuri. Mwenye 30,000 hulipa asilimia 25 ya zile 6,000 zilizozidi: shilingi 1,500.

Je, hati yako haionyeshi nafuu? Muulize mwajiri. Ukikatwa zaidi, wasilisha ritani kwa KRA kufikia Juni 30, uombe kurejeshewa.