Swali la Karani wa Benki: Somo Kutoka Nairobi kwa Wateja wa Kigali

Wapo wananchi wanaokasirika wanapofika benki na fedha nyingi taslimu kisha karani akawauliza zimetoka wapi. Huona kwamba wametuhumiwa wizi mbele ya foleni nzima. Katika somo la toleo hili tunaeleza asili ya swali hilo na yanayotokea pale lisipoulizwa. Mfano wetu tumeuchukua Nairobi, kwa kuwa huko halikuulizwa ipasavyo, na kosa hilo likapimwa kwa shilingi.

Mwezi Mei 2018 ilifichuliwa nchini Kenya kwamba fedha za Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zilikuwa zimelipwa kwa watu na kampuni waliodaiwa kutowasilisha bidhaa walizolipiwa. Maafisa kadhaa wa serikali na wafanyabiashara walifikishwa mahakamani. Hata hivyo, jambo linalotuhusu hapa si mahakama, bali ni njia ambayo fedha hizo zilipitia. Hazikupita gizani. Zilitoka hazina ya serikali, zikaingia katika akaunti za benki kubwa zinazojulikana na kila mtu, kisha zikatolewa mchana kweupe.

Tarehe 12 Septemba 2018, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuzitoza faini benki tano, jumla ya shilingi milioni 392.5 za Kenya. KCB ilitozwa milioni 149.5, Equity milioni 89.5, Standard Chartered milioni 77.5, Diamond Trust milioni 56 na Co-operative milioni 20. Baadhi ya majina hayo msomaji wa Kigali ameyaona katika mabango ya mjini mwetu, kwa hiyo tuseme wazi: adhabu hizo zilihusu benki zilizoko Kenya. Inafaa pia kutazama kwamba Standard Chartered ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi ya fedha za NYS, takriban shilingi bilioni 1.6, ilhali KCB, iliyopokea takriban milioni 639, ndiyo iliyotozwa faini kubwa kuliko zote. Kwa hiyo wingi wa fedha zilizopita mlangoni haukuwa kipimo pekee. Benki iliadhibiwa kwa wajibu ambao haikuutimiza.

Wajibu huo ni upi? Benki Kuu ilitaja kasoro nne: kutoripoti miamala mikubwa ya fedha taslimu, kutomchunguza mteja vya kutosha, kukosa hati za kuthibitisha miamala mikubwa, na uzembe katika kupeleka taarifa za miamala ya kutiliwa shaka kwa Kituo cha Kuripoti Fedha cha Kenya. Kwa maoni yetu, kasoro ya pili ndiyo mama wa nyingine. Kumjua mteja si kunakili kitambulisho chake na kukiweka katika faili. Ni kufahamu kazi yake na kiasi ambacho kazi hiyo inaweza kumpatia. Chukulia mfanyabiashara anayeuza viazi katika soko la Kimironko, ambaye kwa miaka mitatu ameweka fedha za mauzo ya kila juma. Siku moja akaunti yake inapokea malipo yanayozidi mauzo yake ya mwaka mzima, na kesho yake anataka kuyatoa yote taslimu. Huenda ameuza shamba. Basi mkataba wa mauzo upo, atauonyesha, na shauri litakwisha. Karani asiyejua kwamba huyu ni muuza viazi hatakuwa na sababu ya kuuliza, na asipouliza hakuna hati itakayoombwa wala taarifa itakayoandikwa.

Kenya haikuwa peke yake. Mwezi Septemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania nayo ilizitoza faini benki tano, jumla ya shilingi bilioni 1.9 za Tanzania, kwa kukiuka kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha.

Hapa Rwanda, taarifa za namna hiyo hupelekwa katika Kituo cha Intelijensia ya Fedha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kitengo kilichokuwa ndani ya Polisi ya Taifa, na wapo wenzetu wanaoikumbuka. Kituo huchambua taarifa, na penye dalili za uhalifu huzikabidhi kwa wapelelezi. Benki ya Taifa ya Rwanda, kwa upande wake, husimamia mabenki yenyewe. Mfanyakazi wa benki haruhusiwi kumtonya mteja kwamba taarifa yake imepelekwa. Kwa hiyo, msomaji, usimbembeleze binamu yako aliyeajiriwa benki akuchungulizie jambo hilo. Unamweka katika hatari ya kufungwa.

Sehemu inayotutia wasiwasi zaidi inawahusu vijana. Mtu huja na ombi dogo: “Nisaidie akaunti yako nipokelee fedha, utabaki na kitu kidogo.” Au huomba laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kijana ili aitumie kwa MoMo. Fedha huingia, hutolewa kwa wakala, na mwombaji hutoweka. Wapelelezi wanapofuata nyayo, jina la kwanza wanalolikuta ni la kijana huyo. Sheria humgusa anayeficha, anayehamisha au anayemiliki mali akijua kwamba imetokana na uhalifu, na kijana aliyelipwa kwa kuazimisha jina lake atapata kazi ngumu kueleza alidhani analipwa kwa lipi.

Aliyekwisha kuazimisha akaunti au laini asisubiri kuitwa. Aende benki au kwa kampuni ya simu aombe izuiwe, atunze ujumbe wote aliotumiwa bila kuufuta, kisha atoe taarifa katika kituo cha Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) kilicho karibu naye, au apige namba 166, ambayo haitozwi malipo.