Umeme Upi Utatufaa? Somo kwa Kamati za Parokia



Katika parokia moja tuliyoitembelea, kamati ilitupeleka kwanza kuiona zahanati. Juu ya bati kulikuwa na paneli mbili za umeme wa jua, zimefungwa vizuri na hazina hata ufa. Ndani, mkunga alituonyesha tochi ambayo huishika kwa meno anapozalisha usiku. Paneli zilikuwa nzima, lakini betri zilikufa mwaka wa nne na mfuko wa kununua nyingine haukuwapo. Nyuma ya jengo ilisimama jenereta ya siku nyingi, nayo imekosa mafuta.

Kamati ilikuwa imegawanyika. Baadhi walitaka wafadhili waombwe betri, baadhi walitaka jenereta ifufuliwe, na wengine walishauri kusubiri nguzo za TANESCO. Kila upande ulikuwa na hoja. Hakuna aliyekuwa na hesabu mkononi.

Lengo la somo hili ni kuisaidia kamati ijadili jambo hili bila kugombana. Neno tunalotaka mlishike ni moja: kila chanzo cha umeme kina gharama yake, kinachotofautiana ni nani anailipa, na anailipa lini.

1. Tujifunze kutokana na mambo makubwa

Mabishano yetu ya kijijini ndiyo yanayoendelea pia katika mataifa. Tuangalie vyanzo vichache.

*Mafuta.* Uzuri wake ni kwamba jenereta huwaka saa yoyote, mvua au jua. Ubaya wake ni kwamba bei hupangwa mbali nasi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, Serikali ya Tanzania ililazimika kutoa ruzuku ya mafuta. Hata bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limekusudiwa kusafirisha mafuta ghafi ya kuuzwa nje. Kupitiwa na bomba si sawa na kupata mafuta rahisi.

*Gesi asilia.* Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Moshi wake ni pungufu kuliko wa mafuta au makaa ya mawe, ila nayo huchafua hewa, na iko siku itakwisha. Tukumbuke pia Mtwara mwaka 2013: wananchi walipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam wakihofia kuachwa mikono mitupu, na watu walipoteza maisha katika vurugu hizo.

*Maji.* Mvua ikinyesha, umeme wa maji ni rahisi kuuendesha. Lakini mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya Mtera na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Ni hatua kubwa sana. Hata hivyo wapo waliouliza kuhusu misitu na wanyama wa Selous, na bado tunategemea mvua.

*Upepo.* Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, ikakaa bila kuuza umeme hadi mwaka 2018 kwa sababu njia ya kuusafirisha ilichelewa. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba ardhi ya mradi ilipatikana bila kufuata utaratibu. Basi hata nishati safi inaweza kuwadhulumu wafugaji kama wenyeji hawakushirikishwa.

*Nyuklia.* Afrika Kusini inazalisha umeme wa nyuklia huko Koeberg tangu mwaka 1984. Fueli kidogo hutoa umeme mwingi, usiku na mchana, na mtambo wenyewe hautoi moshi. Lakini ujenzi ni ghali na huchukua miaka mingi, na taka zake hubaki hatari kwa maelfu ya miaka. Ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 ziliwahamisha watu wengi makwao. Ndiyo maana mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo uliopendekezwa kwao.

Mnaona, ndugu? Katika mafuta, mnunuzi hulipa kila siku. Katika bwawa, taifa hukopa leo na mto hubadilika. Katika nyuklia, vitukuu wetu huachiwa taka. Katika jua na upepo, gharama kubwa iko mwanzoni. Kisha hujificha miaka kadhaa na kurudi kama betri iliyokufa. Hivyo anayesema "umeme wa jua ni bure" anaipoteza kamati njia sawasawa na anayesema "jenereta ni rahisi".

2. Tuteremke hadi zahanati yetu

Chukueni karatasi. Taa 8 za wati 10, zikiwaka saa 6 kila usiku, hutumia wati-saa 480.

Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Betri ya kawaida ya maji ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo tuhesabu 600. Betri moja inatosha usiku mmoja; kwa siku za mawingu wekeni mbili. Paneli ya wati 200, ikipata jua kali kwa saa 4, hutoa wati-saa 800. Tukiondoa robo inayopotea njiani, zinabaki 600. Taa za zahanati zimepatikana.

Sasa gharama ya kuendesha. Tuseme betri mbili zinauzwa shilingi 960,000 na zitadumu miaka minne. Gawanyeni kwa miezi 48: ni shilingi 20,000 za kuweka akiba kila mwezi. Kwa upande wa pili, jenereta ndogo ikinywa nusu lita kwa saa, na ikiwaka saa 4 tu, itatumia lita 2 kwa usiku na lita 60 kwa mwezi. Lita ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 180,000 kila mwezi, kwa taa tu.

Je, jenereta haina kazi? Inayo. Mashine ya kusaga na ya kuchomelea huhitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi, na paneli zetu mbili hazitaiweza kazi hiyo. Kadhalika jiko la umeme la wati 1,000 humaliza kwa nusu saa umeme unaoziwasha taa zote usiku kucha. Kwa jokofu la chanjo, yapo majokofu yanayoendeshwa na jua moja kwa moja bila betri. Hutunza ubaridi katika barafu. Na kama nguzo za umeme zimeshafika kijiji cha jirani, ulizeni kwanza zitawafikia lini kabla ya kununua mtambo mkubwa.

3. Kwa nini betri za zahanati ile zilikufa?

Tuliuliza. Mtambo ulipimwa kwa ajili ya taa. Mwaka wa pili ikaongezwa televisheni, kisha pasi, kisha waya ukavutwa hadi nyumba ya mtumishi. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema hapana. Maji ya betri hayakuongezwa kwa miezi mingi kwa kuwa fundi alikuwa mjini. Fedha za kuchaji simu zilikusanywa, lakini zilitumika kwenye harambee nyingine. Kila jambo lilikuwa dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika ombi la mradi, kamati ifanye haya:

- Iorodheshe vifaa vyote, wati zake na saa zake, kisha iyaandike ukutani matumizi yanayoruhusiwa.
- Ichague watu wawili wa hapo hapo, mmojawapo awe mwanamke, wafundishwe kusafisha paneli na kupima betri.
- Ifungue akaunti ya betri yenye watia saini watatu, na mweka hazina asome salio lake katika kila kikao.
- Iwaulize wanaotumia huduma usiku, hasa mkunga na akina mama, wanahitaji nini kwanza.

4. Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa paneli mlizotoa. Tunawaomba sasa msiulize tu ni mitambo mingapi imefungwa. Ulizeni ni mingapi inawaka mwaka wa tano. Sehemu ya msaada iende kwenye mafunzo ya mafundi wa kijijini na ufuatiliaji. Hatuombi mnunue betri milele. Tunaomba msitoe mtambo mahali ambapo akaunti ya betri haijafunguliwa, hata kama sisi wenyewe tunawaharakisha.

Maswali ya majadiliano

1. Umeme tunaotumia sasa unalipiwa na nani? Yupo anayeumia bila kusikika?
2. Mtambo wetu ukizimika usiku wa leo, nani ataitwa, na fedha ziko wapi?
3. Ni kifaa gani kimeunganishwa ambacho hakikuwa kwenye hesabu ya mwanzo?
4. Mradi mkubwa wa nishati ukija katika eneo letu, tutauliza maswali gani kuhusu ardhi, ajira na mazingira kabla ya kupiga makofi?

Kamati ya parokia ile ilimaliza kikao chake kwa uamuzi mdogo: televisheni na pasi viondolewe, na kila jumuiya ichangie akaunti ya betri kuanzia mwezi uliofuata. Mkunga hakupiga makofi. Aliuliza tu ni tarehe ngapi ataacha kutumia tochi. Kila kamati itakayosoma somo hili iandike tarehe hiyo katika muhtasari wa kikao chake.