Mzazi wa Ubaruku Anapokwenda kwa Mtoto Ujerumani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mtoto amepiga simu: "Baba, mama, njooni mtutembelee." Vizuri. Kabla ya kumtangazia kila jirani, someni maagizo haya, maana safari ni ya kumwona mtoto. Hamwendi kumkagua wala kumvuna.

FANYA: Anza na majina. Kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha mtoto lazima vimtaje mtu mmoja. Baba aliye Yohana kwenye NIDA na John kwenye cheti cha mtoto, mbele ya ofisa wa viza ni watu wawili. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina kwanza, ndipo upeleke shilingi 150,000 za pasipoti Uhamiaji.

USIFANYE: Usiuze shamba upate nauli. Ofisa wa viza anatafuta hasa jambo moja: kitakachokurudisha nyumbani. Shamba la mpunga lenye hati ya hakimiliki ya kimila, pamoja na barua ya serikali ya kijiji, vinasema hivyo kuliko maneno yako yote. Ukishaliuza umejifungia mlango mwenyewe. Kama nauli haipo, mtoto alipe au msubiri msimu mwingine.

Usimpe kishoka wa Dar hata senti. Atakutengenezea taarifa ya benki ya uongo, na uongo huo utaandikwa kwa jina lako, si lake.

FANYA: Muulize mtoto anasaini nini. Ujerumani mwenyeji huweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake kusaini hati ya kubeba gharama zako zote ukiwa kule, na serikali inaweza kumdai kweli. Bima ya safari nayo ni lazima, isiyopungua yuro 30,000. Haya yote ni mzigo wake, kwa hiyo usimwambie "wewe una hela" kana kwamba anazichota mtoni Ruaha.

FANYA: Safiri baada ya mavuno. Mpunga wa Mbarali huvunwa kati ya Mei na Julai, na mara baada ya hapo kule baridi bado haiui. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usisubiri wiki ya mwisho. Mtu wa Usangu anayeshuka Frankfurt Desemba na koti la kupigia picha, akiugua asimlaumu mkwe.

USIFANYE: Usibebe nyama, wala maziwa mgando, wala kuku wa kienyeji aliyekaangwa usiku kucha. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingia na nyama na maziwa ya kutoka kwetu. Embe na parachichi pia zitatupwa mbele ya macho yako kama huna cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende hazidaiwi cheti hicho. Kwa hiyo mama anayelia kwa sababu parachichi zake za Tukuyu zimetupwa, angebeba ndizi za hukohuko Tukuyu angepita nazo. Dagaa wakavu wanapita, mradi mzigo wa samaki usizidi kilo 20, ingawa sijui nani anahitaji dagaa kilo 20 ndani ya ghorofa.

Usibebe kifurushi cha mtu. Awe shemeji, awe mchungaji, awe mtoto wa jirani aliyekuja na "dawa ya mafua ya dada yangu": hapana. Kikikutwa na dawa za kulevya, mbebaji ni wewe.

Dawa zako za presha na sukari ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi lake, na karatasi ya daktari.

Sasa nyumbani kwa mtoto, ambako ndiko wengi huharibu.

FANYA: Heshimu saa za kazi zake. Sheria ya Ujerumani inamhakikishia mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki likizo ya siku 20 tu kwa mwaka. Akiwa nanyi wiki mbili kisha akarudi kazini, hajawatelekeza. Jifunzeni kufungua mlango, kuwasha jiko na kutembea hadi dukani. Jumapili maduka hufungwa, na baada ya saa nne usiku majirani hawataki kelele. Kinu na mchi, hata kama mmefika navyo, vikae kimya.

USIFANYE: Usimchape mjukuu. Tangu mwaka 2000 sheria ya kule inampa mtoto haki ya kulelewa bila kuchapwa, na kofi lako dogo linaweza kumleta ofisa mlangoni kwa mwanao. Usimfunge hirizi, usimnyweshe mitishamba kwa siri. Mama yake amesema hapana, ni hapana.

Usimuulize mkwe kwa nini anaosha vyombo. Usiulize mtoto wa pili anakuja lini. Usimwagie mtoto orodha ya kijiji: simu ya fulani, ada ya mjomba, mashine ya kukoboa ya kaka. Waliokutuma waambie kabla ya kupanda basi pale Igawa kwamba hukubeba maombi.

FANYA: Hesabu siku. Viza ya kutembelea ni siku 90 ndani ya 180 kwa upeo, siku ya kuingia na ya kutoka zikiwemo, na mara nyingi ni pungufu. Soma iliyoandikwa kwenye pasipoti. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Ulaya imeanza kuandika kuingia na kutoka kwa mashine, na mashine haijui "nilikuwa naumwa mguu".

USIFANYE: Ukirudi Ubaruku, usitangaze mshahara wa mwanao kilabuni wala kanisani. Kodi ya nyumba yake, ugomvi na mwenzi wake, gari ambalo si lake: hayo umeyaona kwa sababu alikufungulia mlango. Atakayekuuliza, mjibu kwamba wanawasalimu.